Vipande Vinne

Kageha aligeuza daftari langu la madeni,
akaenda nyuma, kusiko na jina la mtu,
akaandika kwa penseli iliyotafunwa:

4m + 3n − 2m + 7

"Mama, hapa pana vipande vingapi?"

Nikahesabu kama ninavyohesabu kila kitu
hapa sokoni Chavakali, kwa kidole chenye vumbi la unga:
nne, m, tatu, n, mbili, m, saba.
Saba, nikasema.
Alicheka mpaka njugu zikamwagika.

Nne na m hazina kitu kati yao,
hata upenyo wa kupitisha uzi.
Zimezidishana, ila hakuna aliyeandika.
Kata penye kujumlisha. Kata penye kutoa.
Na ukikata, alama iende na kinachoifuata.

Basi m ni mahindi, nikasema, n ni njugu.
La. M ni bei ya gorogoro moja ya mahindi,
na bei hatuijui mpaka lori la Kitale lifike.
Hapo nikanyamaza.
Miaka kumi na tisa nimelala na herufi hiyo
bila kujua jina lake.

Na saba je? Haina herufi, haina mume.
Ni kipande vilevile, Mama.
Lori lije, lisije, ni saba.
Nikaipenda.

Kisha kidole chake kikafika kwenye mbili
na kile kistari kifupi mbele yake.

Ukurasa wa Machi una kistari kama hicho:
gorogoro mbili nilizokopa kwa Mideva wa Wodanga,
na Mideva tulimzika Aprili,
matope yakituvua viatu.
Tangu hapo naupitia ukurasa ule
nikiruka kistari, nikiona mbili tu,
kana kwamba ni zangu.

"Ukiiacha alama," Kageha akasema, bila kuinua macho,
"si kipande kile tena. Ni kingine."

Vinne, nikamwambia.
Nne m. Tatu n.
Kutoa mbili m.
Saba.
Akachora tiki iliyotoboa karatasi.

Lori lilifika saa kumi na moja, m ikawa mia na sitini.
Nikapima gorogoro mbili, zenye kilele,
nikamtwisha Kageha apeleke Wodanga
kwa kijana wa Mideva,
ambaye hajui kuwa anadai.