Sekunde Arobaini

Gaspare, wamepiga kelele tena huko chini,
kwa akina Traverso, ghorofa ya pili.
Kwenye skrini yetu mpira bado uko kwa kipa wetu,
anaudundadunda, hana habari.
Mimi ninayo habari.
Kikombe cha kahawa kimebaki hewani
nikisubiri bao ambalo Sampierdarena nzima
imeshalishangilia, imeshalimeza.
Sekunde arobaini. Nilizihesabu kwa saa yako ya bandarini,
ile yenye kioo kilichopasuka.

Halafu kale kaduara.
Kanazunguka katikati ya uso wa mshambuliaji
kama nzi aliyezama kwenye supu.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba hutozwa kila mwezi.

Wewe ulilipa kiingilio mara moja, getini,
ukarudi sauti imekauka na viatu vimejaa tope.
Siku za mvua ulikaa jikoni na redio
ukinipangia wachezaji mezani kwa maganda ya maharage:
huyu beki, huyu winga, huyu mvivu.
Mara nyingi niliwafagia wote kabla ya mapumziko.

Sasa Jumamosi ni mali ya kampuni moja,
Jumapili jioni ya nyingine,
na kombe la Ulaya limefichwa kwa ya tatu
inayodai nenosiri lenye herufi kubwa, namba,
na alama isiyotamkika.
Euro thelathini na tano. Euro kumi na tano.
Euro ishirini, kwa miezi mitatu ya mwanzo tu,
imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Na pensheni yako, tangu ufe, huja imemegwa.
Nimejumlisha nyuma ya risiti ya duka la dawa:
ni gesi ya Januari yote
na samaki wa Ijumaa juu yake.

Nikapiga simu niwafute.
Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne,
nikachezewa kinanda dakika ishirini na mbili.
Kijana mmoja, Loris, mwenye adabu ya kukodishwa,
akanieleza mkataba uko kwa jina la bwana Gaspare Bozzano,
hivyo sharti bwana Gaspare azungumze mwenyewe.
Nikamwambia bwana Gaspare yuko Staglieno,
safu ya kumi na saba, karibu na bomba la maji.
Akanyamaza. Nikasikia akichapa.
Kisha akauliza kama bwana angependa
kuongezewa tenisi kwa nusu bei.

Nilicheka, Gaspare. Mungu anisamehe, nilicheka
hadi Loris naye akaanza,
kisha akakumbuka kuwa simu inarekodiwa.

Wanataka nakala ya cheti cha kifo.
Nimekitoa kwenye droo. Nimekirudisha.
Tena nimekitoa, nikakiweka chini ya bakuli la machungwa,
na hapo kipo, kimepata doa.

Si kwa ajili ya mpira. Wajua sikuwahi kuupenda,
miaka arobaini na sita nilijifanya naelewa kuotea.
Ila kila niwashapo mtambo huu,
kabla ya tangazo la magari na la dawa ya mgongo,
huandika kwa herufi nyeupe, kubwa:
Karibu tena, Gaspare.
Nani mwingine bado anakuita?
Padri anakutaja mara moja kwa mwaka, na hulikosea jina la baba yako.

Juzi mama Traverso alinikaribisha kwao.
Ana dishi, kwake mambo hufika upesi.
Nikamwambia magoti.

Haya, kaduara kameondoka. Bao limeingia, zuri kweli,
nimelipigia makofi mawili peke yangu, yamechelewa.
Sasa huko chini kimya kimetanda,
kisha kiti kinaburutwa, mtu anamtukana mama wa refa.
Tumesawazishiwa, basi.

Lakini huku kwetu kipa bado amesimama,
anakaza glavu kwa meno,
na mimi nina muda wa kuzima jiko
kabla kahawa haijafurika.