Barua ya Uzoefu

Kwa yeyote anayehusika.
YAH: UZOEFU WA KAZI WA NDUGU LWITIKO MWAISAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi, Otilia Kihwele, mwenye karakana
ya Ipogolo, Iringa, hapa malori yanapopoza injini
baada ya kupanda Kitonga,
nathibitisha kwamba kijana huyu
alinifanyia kazi miaka sita na miezi minne.

Mnataka saa.
Ngapi kwa wiki, mnauliza, na kwa mshahara gani.
Nimefungua madaftari ya marehemu mume wangu,
yale yenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Nimekuta: Lwitiko, bampa la Skania, elfu arobaini.
Lwitiko, geti la masista.
Lwitiko, deni.
Saa hazimo.
Alikuja ukungu haujatoka mtoni,
akaondoka umeme ulipokatika.
Gawanyeni wenyewe.

Mnataka majukumu, yafanane
na orodha yenu ya kazi zenye uhaba.
Kijana wa stesheneri amenisomea mara mbili:
wauguzi, wapishi, madereva wa malori, wachomeleaji.
Nikacheka.
Nimeishi hapa miaka hamsini na tisa,
sijawahi kuambiwa tuna uhaba wa kitu
ila hela.
Kumbe huko tunakokutazama kama ghala
wamepungukiwa Lwitiko.

Haya: alipima, alikata, alinyoosha, alichomelea
kwa umeme na kwa gesi, wima na juu ya kichwa.
Usiweke, akasema kijana wa stesheneri,
habari ya usiku ule wa Kitonga,
kabini imejikunja kama karatasi ya pipi,
dereva ndani anamwita mama yake kwa Kibemba,
tangi la petroli nyuma linavuja,
na Lwitiko amelala chali kwenye lami
anakata chuma kwa msumeno wa mkono, inchi kwa inchi,
kwa sababu cheche moja tu ...
Haina namba kwenye fomu, akasema.
Basi kule sikuiandika.

Wala sikuandika kwamba nilitaka kukataa.
Siku tatu nilimwambia mhuri umepotea.
Ulikuwa kwenye kopo la sukari.
Nani angebaki? Festo,
anayeshika waya wa kuchomelea kama anashika nyoka?
Siku ya nne mama yake Lwitiko akashuka basini
na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu.
Hakutaja barua. Akaketi jikoni kwangu, akamenya.
Ndizi ya tisa akauliza: Na wako, wako wapi?
Mmoja Dar, nikasema. Mmoja Mwanza.
Akaendelea kumenya.
Nikainuka, nikafungua kopo.

Wenu katika ujenzi wa taifa
(la nani, akauliza kijana. Nikasema acha hivyohivyo),
O. Kihwele.
Wino ulikuwa umekauka. Nikautemea mate mhuri, ukashika.

*

Leo, mwaka wa tatu tangu mate yale,
amepiga simu ya picha. Theluji dirishani,
kichwani kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi.
Mama Kihwele, imetoka! Ukaazi wa kudumu.

Wa kudumu.
Nikamkumbusha nilichomfundisha juma la kwanza:
chuma hushikizwa kwanza, nukta hapa, nukta pale,
ili kikikaa upande ukigonge kibanduke.
Ndipo unaziba mstari mzima.
Sasa wewe, nikamwuliza,
umeshikizwa au umezibwa?

Akanyamaza. Kitu kikavuma nyuma yake, hita pengine.
Halafu: Mama, lile geti la masista,
bado linafunga?

Linafunga.
Asubuhi za Juni linalia kidogo kwenye bawaba,
lakini linafunga.