Herufi Saba

Dirisha la darasa, huko Söke, linatazama pamba.
Mwalimu Müzeyyen ameandika ubaoni: meander.
Akapiga mstari chini yake, mnyoofu,
akaona kosa, akaufuta kwa kiganja,
akachora mwingine uliokata kushoto,
ukajuta, ukarudi kulia.

"Kitenzi," akasema. "Hutumika kwa mto.
Hutumika kwa mtu atembeaye pasipo haraka,
na kwa maongezi yanayoanza na bei ya mbolea
yakaishia kwenye harusi ya nani sijui."
Kamusi yake, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu,
inaongeza: bila kusudi.

Tufan, nyuma kabisa, hakunyoosha mkono.
"Lakini huo ni mto wetu, mwalimu. Menderes."

Kweli. Jina liliondoka hapa pekupeku,
likapita kwa Wagiriki, likapita kwa Warumi,
likalala ugenini karne na karne,
leo limerudi na koti, halisalimii mtu,
na watoto wa mtoni wanaulizwa maana yake
kwenye mtihani. Alama mbili.

"Haya, mwenye mto. Tupe sentensi."

Kijana akakuna shingo.
Babu yake, Satılmış, huenda mkahawani kila asubuhi.
Njia ipo, ya lami, dakika sita.
Yeye huingia kwenye pamba,
hukata kulia penye bomba la maji,
huzunguka pasipo na kitu cha kuzungukwa,
hukaribia tena alikotoka,
akifika, wenzake wako chai ya tatu.
Watu husema: uzee.
Watu husema: tangu afiwe na mke.

"Mwaka wa matingatinga sikuwa nimezaliwa.
Waliunyoosha mto kama kwa rula,
kile kizingo wakakifukia, wakapanda pamba juu.
Babu anafuata ukingo wa zamani.
Akifika palipokuwa na kivuko
hukunja suruali."

Mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.
Nje, mfereji ulikuwa ukipita
moja kwa moja, kama karani aliyechelewa kazini.

Mwalimu akafungua kamusi, akatafuta penseli
kwenye mkoba, kwenye mfuko wa sweta, nyuma ya sikio,
akayakata yale maneno mawili.

Kengele ikalia.
Sentensi yenyewe, kwa Kiingereza,
bado anamdai.