Tabo Mbili Juu ya Gunia

Fundi Chidosa kaziweka juu ya gunia la katani,
gereji ya Kizota, saa nne, vumbi limeshaamka.
Moja kama bakuli la mlenda,
nyingine kama chungu cha ugali wa msiba.
Hata hiyo ndogo inaizidi ile iliyokuja na gari.

"Nozeli tumebadilisha, pampu nimeifungua mwenyewe.
Mafuta yapo. Pumzi ndiyo haitoshi.
Ndiyo maana unawapaka watu masizi."

Kweli.
Mwezi jana, Kibaigwa, mama mmoja muuza alizeti
alinifuata hadi kituo cha mafuta na kanga yake mkononi.
Hakusema neno. Alinionyesha tu.

Naisukuma feni ya kubwa kwa kidole.
Inazunguka, inazunguka,
haina haraka ya kusimama.

"Wala ya kuanza," anasema Chidosa.
"Hiyo italala mpaka mshale uvuke elfu mbili na mia tano,
ndipo ikukumbuke.
Wewe unapanda Sekenke na tani ya mchele wa Igunga,
gia ya pili. Mshale unasoma ngapi?"

Sikumjibu. Najua unasoma ngapi.
Najua pia ile Prado ya Mnyang'ali
ilivyonipita kwenye kona, honi mbili,
kama anayeaga maiti.

Upepo wa Dodoma unaingia bila hodi,
unaizungusha kubwa bure,
bila mafuta, bila mlima.

"Nifungie ndogo."

Chidosa anainama kutafuta spana kumi na mbili.
Mkono wangu bado uko kwenye ile nyingine.