Wiki Mbili za Machi

Saa tisa usiku, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kompyuta za ghorofa ya chini zinavuma kama mzinga,
zinapika miaka ya Mirihi, karne nzima kwa dakika moja na nusu,
nami nimeketi na soksi mbilimbili
nikingoja kuona kama ncha ya kaskazini itasalimika.

Jana iliyeyuka. Hapana, nimekosea neno:
kule barafu haiyeyuki, haijui kuwa maji.
Huwa jiwe, kisha huwa hewa,
kama mtu anayeondoka karamuni bila kuaga.
Niliinamisha mhimili wa sayari, nyuzi thelathini na tano,
jua likaikalia ncha kutwa kucha,
na barafu yote ikahamia ikweta. Yote, kwa miaka arobaini!
Ilmo akacheka: "Umeifukuza kama mpangaji asiyelipa kodi."
Kosa lilikuwa alama moja, jumlisha mahali pa toa.

Leo nimeongeza vumbi.
Vumbi ndilo linalosalia barafu ikienda:
hujitandika juu, utando mwembamba mwekundu,
likaifunika iliyobaki isije ikafuata.
Ndiyo maana ncha ile ni tabaka juu ya tabaka,
nyeupe, nyekundu, nyeupe,
na kila mstari mwekundu ni miaka iliyoandikwa
kisha ikaondoka na karatasi yake.

Mama naye alipima theluji.
Kijiti cha msonobari nyuma ya sauna, daftari la jalada la buluu,
kila asubuhi tangu mwaka niliozaliwa:
sentimita 41. Sentimita 43. Upepo wa kaskazini. 43.
Machi ya themanini na sita, wiki mbili hazina kitu.
Ukurasa mweupe, doa la kahawa pembeni.
Kisha: sentimita 58, kwa mwandiko uleule,
kana kwamba baba hakuzikwa hapo katikati.

Nilipoingiza daftari lake kwenye mashine, chuoni,
programu ilijaza pengo yenyewe: wastani wa kabla na baada,
mstari ulionyooka, laini, hata usingejua.
Nikaufuta. Profesa Rautio akauliza kwa nini,
nikasema takwimu za siku zile haziaminiki.
Uongo. Hakuna nilizoziamini zaidi.

Saa kumi. Mwaka wa elfu nne na kumi na moja.
Ncha bado ipo, ingawa imeliwa upande ambao haikupaswa,
na sijui sababu, na asubuhi Ilmo ataniuliza.
Kwenye kioo mstari mwekundu unaanza kujichora,
mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.
Siugusi.

Nje, theluji imezika magurudumu ya baiskeli yangu.
Nimeipima kwa kiganja, glavu mkononi:
viganja vitatu, na vidole viwili.
Sikuandika popote.