Kabla Mashine Hazijawashwa

Saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu wa Wanale bado umeilalia Mbale,
nafungua kiwanda mwenyewe,
nafagia makapi ya kahawa.
Si unyenyekevu. Ufagio hunionyesha
kinachomwagika.

Mwaka wa kwanza nilikuwa sauti tu.
Magunia matatu yaliungua, nikamfokea Wepukhulu
mbele ya wachambuaji wote,
hata akavua aproni, akaikunja vizuri,
akaiweka juu ya mizani.
Robo kilo.
Jioni, kwenye daftari la zamu, nikakuta mwandiko wake:
*Kipimajoto kibovu. Bosi kaambiwa.*
Mara tatu, tarehe tatu.

Sasa nina desturi chache.
Mishahara ya watu kwanza, wangu mwisho;
kuna miezi ambayo mwisho haufiki.
Deni la benki haliketi mezani na wanangu.
Na kila Jumatatu nakalia gunia, nauliza,
“Lipi sijalisikia?”
kisha nanyamaza
mpaka mtu akohoe.

Wepukhulu alirudi. Nilipanda Budadiri mara mbili
kumwomba; mara ya kwanza sikumkuta,
au alijificha.
Leo kasema kahawa yangu mpya, ninayojivunia, ni chungu.

Nimeionja.
Ni chungu.