Milango Isiyo na Nyumba

Ghalani, mjini Turku, nyuma ya reli,
imesimamishwa milango arubaini na mmoja
bila ukuta, bila dari, bila wa kuuliza "Nani?"
Irmeli ameiokota mmoja mmoja
kwenye majengo yaliyokuwa yakibomolewa:
wa hospitali, wa kusukuma kwa bega;
wa benki, mzito kama deni;
wa darasa la kwanza, kishikio kimelegezwa na vidole vidogo;
wa choo cha meli, wenye kizingiti cha kuvunja miguu.

Roboti ina mkono mmoja na subira ya jiwe.
Jana ilivuta mlango wa kusukuma mara mia mbili na sita.
Leo, mia na tisa.
Tarmo anaandika tarakimu, anapiga miayo:
"Inajifunza."
"Anakosea," asema Irmeli. "Ila hachoki kukosea,
hapo ndipo anapotushinda."

Mpe kishikio cha mviringo, vidole vinateleza.
Mpe komeo, analishika kama samaki aliye hai.
Kile cha mlango wa kumi na tatu alikinyofoa,
akasimama nacho hewani
akingoja chumba kifunguke.

Wa mwisho ni wa sauna ya babake Irmeli,
mbao za msonobari zilizokunywa mvuke miaka hamsini.
Hauna kitasa wala ufunguo.
Mlango wa sauna haufungwi kwa ndani; joto halina mzaha.
Unapotoka unauinua kidogo kwa goti, ndipo unasukuma.
Siri hiyo waliijua watu watatu,
wawili wamezikwa.

Goti hana.
Irmeli anaushika ule mkono wa chuma,
baridi yake inamtia ganzi kiganjani,
anauongoza: chini, juu kidogo, hapo. Sasa.
Mara ya kwanza. Ya nane.
Ya thelathini na moja mlango ukaguna,
mguno ule ule wa Jumamosi jioni,
ukaachia.

Upande wa pili hakuna kitu:
sakafu ya saruji, ndoo, koti la Tarmo.
Roboti akapita. Hodi hakupiga,
hakuna aliyemfundisha.
Irmeli akabaki kizingitini, pua karibu na ubao.

"Niandike amefaulu?"
"Andika," akasema. Kisha, kwa sauti isiyo yake,
sauti nzito ya mzee aliyeketi benchi la juu:
"Na afunge. Joto linatoka."